Onja Kwanza

Pikipiki nyekundu ya TVS ilikata kona ya soko la Nyawera, mjini Bukavu, ikamkwepa mpagazi mwenye magunia mawili ya makaa mgongoni, ikapanda ukingo wa barabara, ikamkosa muuza ndagala kwa upana wa kiganja.

"Weye! Macho iko wapi?" muuza ndagala alifoka.

Noëlla Nabintu hakugeuka kuomba radhi.

Mbele yake Hilux nyeupe ilikuwa ikipenya katikati ya wachuuzi huku ikipiga honi. Nyuma ilikuwa imepakia bidoni za njano, yale madumu ya plastiki, zilizofunikwa kwa majani ya migomba. Mbele ya Hilux ilitangulia Canter iliyojaa akina mama wenye vikwembe, vitenge vya sare, wakiimba na kupiga vigelegele, na katikati yao ng'ombe mmoja aliyeonekana kuchoshwa na mambo ya dunia. Yeyote aliyeuona msafara ule alisema moyoni: hawa wanapeleka mahari. Mahari ya kabila la Bashi bila ng'ombe na kasiksi, ile pombe yao ya ndizi, ni maneno matupu.

Noëlla alijua kwamba ng'ombe alikuwa wa kukodi. Akina mama pia.

Redio ya Motorola ilikoroma kifuani.

"Nyange, unaiona?"

Sauti ile kavu ilikuwa ya Muzee Constantin, mkuu wake katika Idara, ambako yeye aliitwa Nyange. Idara isiyokuwa na kibao mlangoni wala namba ya simu.

"Ninaiona, chef."

"Usiiache. Ile mbegu isitoke mu inchi ikiwa na uzima. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hapo ndipo mtu alipodondoka kutoka nyuma ya Hilux.

Hakuruka. Alianguka kama gunia lililofungwa vibaya, akabingirika hadi kwenye mtaro. Hilux haikupunguza mwendo hata kidogo.

Noëlla aliliona shati kabla hajauona uso. Lilikuwa la buluu, kola nyeupe. Alikuwa amelinunua mwenyewe.

"Chef, Gentil ameanguka."

"Endelea."

"Chef, ni mudogo wangu!"

"Nyange, endelea! Ni ordre!"

Noëlla alizima redio. Kisha akafunga breki.

Gentil alikuwa kitinda mimba wa mama yao. Miezi kadhaa nyuma, Noëlla alimwingiza katika kazi hii kwa mdomo wake mwenyewe. Walihitaji mtu wa kupenya kwenye kile kiwanda cha chai kilichokufa, juu ya vilima vya Nyangezi, ambako mzungu mmoja aitwaye Kessler alikuwa amejifungia na matangi yake. Gentil alipenya kama mbeba mizigo. Dada yake alimpa agizo moja tu: usijitoe, hata wakikuchinja, mpaka ujue ndege yake inatua wapi.

Sasa alikuwa amelala mtaroni, midomo imechubuka, shati limetoboka vitundu vyenye rangi ya kutu.

"Yaya," alimwita dada yake kwa kunong'ona. Damu ilimtoka na mate. "Nilionja."

* * *

Daktari Joviale, aliyempokea Gentil hospitalini, alikuwa amesoma na Noëlla darasa moja kule lycée, shule ya sekondari. Hakuuliza maswali ya kipumbavu. Alikata kipande cha shati la Gentil, akakiloweka, akachovya karatasi ndogo ya kupimia. Karatasi ikawa nyekundu.

"Alikunywa nini?"

"Kikombe moja ya kitu yenye rangi ya kasiksi."

"Basi haikukuwa kasiksi. Hii ni acide, sawa ile ya batri yenye banaongeza maji. Lakini hiyo siyo yenye inanitisha. Njoo uone."

Noëlla aliinamia darubini. Ndani ya duara la mwanga, vijiti vidogo sana vilikuwa vikicheza, vikigongana, vikigawanyika.

"Biko bizima?"

"Bizima kabisa. Ndani ya acide! Wewe na mimi tungelia mule, byo bintu binafurahi." Joviale alivuta kiti, lakini hakukaa. "Sikiliza. Kila kitu yenye tunakula ni jua. Muhogo unakula jua. Ng'ombe anakula majani, majani ilikula jua. Hata samaki ya ziwa, mwisho wake ni jua. Hii bidudu haijui jua. Inakula jiwe."

"Jiwe?"

"Mu jiwe muko fer, njo chuma, na soufre, njo kiberiti. Bidudu inakutanisha ile fer na hewa, polepole, sawa vile kuchoma bila moto. Inapata nguvu. Ile nguvu inaipikia chakula yake kutoka mu gaz carbonique, ile hewa yenye tunatoa mu pumuzi. Majani inafanya vile na mwanga, yenyewe inafanya vile mu giza, chini ya udongo. Iko vile mbele sisi tuzaliwe, mbele hata ya majani."

Noëlla alinyanyua kichwa. Kitendawili kilichomsumbua miezi yote kilijitegua chenyewe. Kule Mwenga kuna jiwe la kijivu ambalo wachimbaji hulitupa kwa hasira. Lina dhahabu, lakini imefungiwa ndani. Hata ukiliponda na kulisaga, dhahabu haitoki. Magari ya Kessler yalikuwa yakizoa jiwe lile lililotupwa na kulipeleka Nyangezi, na watu wakamcheka. Mzungu mwenye wazimu, ananunua takataka!

Hakuwa na wazimu. Alikuwa na wafanyakazi wasiolala, wasiohitaji jua wala posho. Hiyo ndiyo mbegu aliyosema chef. Vidudu vilikula jiwe, dhahabu ikabaki kama mifupa kwenye sahani.

"Na mavi yao?" Noëlla aliuliza. "Kila chenye kinakula kinaacha kitu."

Joviale alimtazama kwa namna mpya.

"Hapo sasa. Mavi yao njo ile acide. Na kama jiwe ilikuwa na arsenic ndani, arsenic inatoka nayo."

Sumu. Ndiyo maana kijito kimoja kule Mwenga, chini ya mahali Kessler alipofanyia majaribio yake ya kwanza, kilikuwa chekundu na hakina hata chura. Ndiyo maana wazee wa pale walizika watoto.

"Gentil ataishi?"

Daktari alifungua kabati la dawa.

"Iko sindano ya kutoa arsenic mu damu. Niko nayo. Lakini ni kali sana ku figo, na figo yake imeshaanza kuchoka. Nikimuchoma na arsenic haimo, ni mimi nitamuua. Ikiwa imo na sikumuchoma, hafiki kesho. Shati haitoshi kupima. Niletee ile maji yenyewe, chupa moja tu ya Fanta. Leo. Ikiingia magharibi, usiilete tena."

Gentil alikuwa kitandani, mirija imemwingia kila upande. Alizungumza kwa vipande vipande.

"Ku barrière ya Nyangezi... musoda mumoja akaomba kasiksi. Ile ya mbele akakataa. Akasema ile ya mbele mutuwekeaka maji, anataka ya nyuma."

Noëlla alifumba macho. Ujanja wa barabarani! Kila mpita njia wa Kivu anajua kwamba bidoni za mbele ni za kuwanyamazisha askari wa vizuizini. Na kila askari naye anajua hivyo. Kessler hakujua. Angejuaje?

"Dany, ule mutu wa Kessler mwenye kutuongoza, akaniangalia. Mimi njo nilikuwa mubebaji."

Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Kwao anayempa mtu kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yake. Mama yao aliwafundisha hivyo kabla ya kuwafundisha Baba Yetu. Kule ambako watu huogopa karuho, sumu ya kikombeni, kuliko wanavyoogopa risasi, anayekataa kuonja amekiri.

"Ningekataa, bangefungua bidoni zote. Bangepigana pale pale. Na nilikuwa sijajua bado ndege iko wapi." Alimeza mate, uso ukajikunja. "Nikakunywa. Nikacheka. Nikamuambia, chef, hii haijaiva bado, itakuharibu tumbo, kamata ile ya mbele. Akakubali."

"Gentil..."

"Ndege iko Kavumu, yaya. Haiko ku aéroport. Iko nyuma ya miti ya eucalyptus, mu shamba. Dany alisema mu simu. Sikujitoa."

Noëlla aliinama akambusu kwenye paji la uso. Lilikuwa la baridi. Hasira ilimpanda juu ya mkuu wake, juu ya Kessler, na zaidi ya wote juu ya nafsi yake.

Mlangoni alimgeukia Joviale.

"Na ile bidudu, inaogopa nini?"

"Haiogopi acide, haiogopi giza. Inataka hewa tu." Joviale alifikiri. "Chumvi. Chumvi ya kupikia. Ndani yao biko na kinga ya acide, chumvi ikiingia inaivunja. Ukiweka ya kutosha, imekwisha."

* * *

Dukani hapo mbele ya hospitali Noëlla alinunua pakiti za chumvi, chupa ya Fanta na kikwembe cha wax cha rangi ya machungwa, kilekile cha sare za akina mama wa msafara. Fanta aliimwaga. Bastola yake ya Makarov aliisokomeza kiunoni, kikwembe kikaifunika, kitambaa kikakaa kichwani. Aliyetoka pale alikuwa shangazi wa mtu, mnene kidogo, mwenye haraka na lawama.

TVS ilimeza barabara ya kaskazini. Aliwakuta kwenye kituo cha Mudaka. Canter ilikuwa imesimama kwa sababu ng'ombe alikataa kusimama wima, na akina mama walikuwa wameshuka kumbembeleza.

Alificha pikipiki nyuma ya kibanda, akaja akihema.

"Eeh, bamaman! Munaniacha mimi, shangazi wa bwana arusi? Ni adabu gani ile?"

Akina mama walitazamana. Waliokodiwa Nyawera walidhani ni wa Nyangezi. Wachache wa Nyangezi walidhani ni wa Nyawera. Kwenye mahari hakuna anayewajua mashangazi wote, na hakuna mwenye ujasiri wa kumuuliza shangazi aliyekasirika ametoka wapi.

"Pole, maman," mmoja alisema. Aliitwa Maombi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya. "Panda, tukusaidie."

"Kusimama na ng'ombe? Na huu mugongo wangu? Nitakaa kule ku bidoni."

Nyuma ya Hilux alikaa mlinzi mmoja, pande la mtu, AK mapajani. Jina lake Destin. Alifungua mdomo kukataa, akakutana na macho ya shangazi, akaufunga. Dany, aliyekuwa mbele karibu na dereva akibishana na simu yake, hakugeuka.

Msafara uliondoka.

Noëlla aliketi juu ya majani ya migomba. Chini yake, kitu kilikuwa kinanguruma.

Bidoni za kasiksi halali zilizibwa kwa kifundo cha majani makavu, kama kawaida, kwa sababu pombe inayochacha ukiikazia kifuniko itakupasukia. Povu lilikuwa likitoka pembeni. Lakini nne za nyuma zilifungwa kwa vifuniko vya kukaza, na katika kila kifuniko ulipita mpira mwembamba kutoka kwenye pampu ndogo ya betri, ile ya kupulizia hewa samaki wa kufugwa. Vidudu vilikuwa vikipumua.

"Papa," alimwambia Destin, "geuka kidogo. Kikwembe inafunguka."

Mtu anaweza kubeba AK, anaweza kuua, lakini kumtazama mama wa makamo akifunga kikwembe chake? Destin aligeuka kama aliyepigwa kofi.

Kifuniko cha kwanza. Harufu ya kutu ilimchoma puani. Alijaza chupa ya Fanta, akaikaza, akaiingiza kifuani. Tone moja lilimwangukia kidoleni na kuunguza. Akararua pakiti kwa meno, chumvi ikamiminika. Pampu ikaikoroga yenyewe.

"Tayari, papa. Aksanti."

Kilomita chache mbele, Hilux ikaruka shimo.

"Ooh! Imefunguka tena. Hii barabara ni ya shetani."

Destin aligeuka bila kuombwa. Bidoni ya pili.

Miti, kituo kidogo chenye soko na mabango, kilipita. Bidoni ya tatu.

Alipoishika ya nne, Hilux iliiacha barabara kuu, ikaingia njia ya udongo kati ya miti mirefu ya eucalyptus. Destin aligeuka mapema.

"Tumefika, maman," alisema. Macho yake yalikuwa juu ya mkono wa Noëlla, na mkono ulikuwa juu ya kifuniko.

* * *

Ilikuwa pale alipopasema Gentil. Uwanja wa nyasi zilizofyekwa, ndege ya Cessna Caravan, ya kijivu, isiyokuwa na namba, Land Cruiser mlango wazi. Kando yake alisimama Kessler, mwembamba, fulana safi, bastola ya Glock kiunoni bila hata kuificha.

"Harakisheni," alisema. Alikuwa na Kiswahili cha vitabuni, kisicho na kwao. "Zile nne pekee. Nyingine ziacheni."

Akina mama walishuka wakiimba, wakatazama kulia na kushoto. Wimbo ulififia mmoja mmoja. Hapakuwa na bibi harusi. Hapakuwa na nyumba.

Destin alimnong'oneza Dany kitu. Dany alikuja na tabasamu la mtu mwenye miwani ya bei na roho ya rahisi. Ndiye aliyempa Gentil kikombe. Ndiye aliyemsukuma barabarani alipoanza kutapika.

"Maman, weye ni wa upande gani?"

Chini ya kikwembe, mkono wa Noëlla uliigusa Makarov. Angeweza kumwangusha Dany. Pengine na Destin. Kessler angemwangusha yeye, na chupa ya Fanta ingemwagikia kifuani mwake, na jua lingezama juu ya kitanda cha Gentil.

Aliuacha mkono utoke mtupu.

"Mimi ni wa upande gani?" alipaza sauti hadi ng'ombe akageuka. "Bamaman, musikie! Tumeimba tangu asubuhi, koo zimekauka, na huyu baba ananiuliza niko wa upande gani! Weye njo mwenye kuleta hii kasiksi?"

"Maman, tulia."

"Ni weye?"

"Ndiyo, ni mimi, lakini..."

"Basi onja!"

Aliigonga bidoni ya nne kwa kiganja.

"Onja kwanza," alisema, sasa polepole. "Sawa vile desturi. Halafu utupe."

"Ile siyo ya kukunywa leo," Dany alisema. Jasho lilianza kumtoka. "Kamateni ya mbele."

"Ya mbele muliweka maji!" Maombi alidakia, na wenzake wakaangua kicheko. "Tunajua! Tupe ya nyuma!"

"Aonje! Aonje!"

Wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Mwanamke mmoja alileta kikombe cha plastiki. Mwingine alikaza mkono, akafungua kifuniko, akachota. Kikombe kilipita juu ya vichwa, rangi yake ileile ya kasiksi, hadi mbele ya pua ya Dany.

Dany alikitazama.

Gentil alikuwa amekitazama vivyo hivyo, asubuhi, mbele ya askari. Gentil alikunywa na kucheka.

Dany alirudi nyuma hatua moja.

Makofi yakakoma.

"Anakataa," Maombi alisema kwa sauti ndogo.

"Siyo kukataa, mimi ni..."

"ANAKATAA! Ni karuho! Alitaka kutuua!"

Waliomwona Dany akizama katika vile vikwembe vya machungwa wanasema miwani yake ndiyo iliyotangulia chini. Destin aliinua AK, akatazama akina mama wenye umri wa mama yake, akaitupa kwenye nyasi na kutimua mbio kuelekea mitini. Bidoni ya nne ilipigwa teke, ikapinduka. Maji mekundu yalitambaa kwenye majani mabichi, na majani yakaanza kunyauka pale pale.

Kessler hakuelewa lolote isipokuwa kwamba muda umekwisha. Alipiga Glock hewani mara mbili, akina mama wakalala chini, naye na rubani wakarusha bidoni tatu ndani ya Caravan. Propela ikaanza kuzunguka.

Noëlla alikuwa amepiga goti nyuma ya gurudumu la Hilux. Makarov ilikuwa mkononi, na mgongo wa Kessler ulikuwa mbele yake, wazi kabisa. Alitoa simu yake ya Itel kwa mkono mwingine.

"Chef."

"Nyange! Ulizima redio! Uko wapi?"

"Kavumu. Mzungu anapanda ndege na bidoni tatu."

"Uko na nafasi ya kumupiga?"

"Niko nayo."

"Basi piga!"

Noëlla aliutazama ule mgongo. Alitaka. Mungu anajua alivyotaka. Lakini mzungu aliyekufa atafuatwa na mwingine, na wanunuzi wake wangekuja kuitafuta mbegu tena, hadi ndani ya matangi. Mzungu aliyeuza maji yaliyokufa hatafuatwa na mtu.

"Sipigi. Muache aende. Amebeba chumvi."

 Taratibu Muzee Constantin akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

"Na Nyangezi?"

"Mupeleke chumvi na chokaa mu matangi, na bantu basikunywe ya kijito. Mimi niko na safari."

Caravan iliinuka juu ya miti. Noëlla alikuwa tayari anakimbia kuelekea barabara kuu, akisimamisha mwendesha pikipiki wa kwanza aliyemwona, mkono mmoja ukishika chupa kifuani kama mama anayemshika mtoto mchanga. Pale Mudaka alishuka, akapanda TVS yake. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea upande wa magharibi wa vilima, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliliangalia kama adui.

Joviale alimimina matone, akachanganya dawa zake, akafunika kwa kijikaratasi cheupe. Walisimama bega kwa bega. Karatasi ikawa ya njano. Ikawa ya kahawia. Haikuacha kukolea.

"Imo," daktari alisema. "Imo mingi."

Akachukua sindano.

* * *

Gentil hakufa.

Watu husema hivyo na kushukuru, na Noëlla naye alishukuru, akawasha mshumaa kanisani na kulia kama mtoto. Lakini koo la Gentil lilikuwa limeungua. Yule kijana aliyekuwa akiimba sauti ya tatu kwenye kwaya hakuweza tena kutamka hata jina lake, na Joviale hakuahidi kwamba angeweza siku moja.

Habari za Kessler zilifika kwa njia zake. Wanunuzi wake walizifungua bidoni huko alikozipeleka, wakasubiri vidudu vianze kula jiwe, vikakataa. Walisubiri tena. Watu wa namna ile hawapendi kuchekwa. Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Siku Joviale aliporuhusu kinywaji, Noëlla alileta maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamsaidia mdogo wake kuinuka, akamnyoshea kikombe.

Gentil hakukipokea.

Alikitazama kikombe. Kisha akamtazama dada yake, yule aliyemwambia asijitoe hata wakimchinja. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanasubiri.

Noëlla hakuelewa mara moja. Alipoelewa, kitu kilimkatika ndani, na alijua hakitaunganika.

Akakirudisha kikombe mdomoni mwake. Akanywa kwanza, funda zima, akameza ili amwone akimeza.

Ndipo Gentil alipokipokea, kwa mikono miwili, akanywa taratibu.

Itel ikatetemeka mfukoni. Noëlla alitoka hadi ukumbini kuipokea.

"Nyange," Muzee Constantin alisema. "Kuko kazi mupya, ku mupaka. Na ule petit wako, akipona, nitamuhitaji. Mutu wa moyo sawa ule, hatupate kila siku. Na sasa hata bakimukamata, hawezi kusema."

"Hapana."

"Nyange, ni ordre."

Noëlla alizima simu, akatoa kadi yake ya simu, akaivunja vipande viwili na kuitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba na sindano. Alivaa miwani yake ya jua, akashuka ngazi bila haraka, akampita mlinzi wa lango na kumsalimia kwa jina.

Nje, jua la Bukavu lilikuwa linawaka juu ya kila kitu kinachokula jua. Akapiga teke TVS, ikawaka, akaenda sokoni kumtafutia mdogo wake ndizi laini.